Goti Langu na Maji ya Bavaria

Kama umelala sasa hivi na mguu wako umefungwa plasta kuanzia nyonga mpaka vidoleni, na kuna mahali chini ya plasta panawasha na huwezi kupafikia, haya nimeyaandika kwa ajili yako. Muuguzi mmoja wa hapa mkoani aliniomba nije wodini kuongea na wagonjwa wa mifupa. Nikaja, nikaongea vibaya, nikajikuta nawafokea watu walio kitandani. Nikaona heri niandike, maana kwenye karatasi nafoka kidogo.

Sitakueleza jinsi kifua kikuu kinavyohama kifuani na kuingia gotini. Hayo waulize madaktari, wao wanapenda kuulizwa. Mimi nakueleza yale ambayo hakuna aliyenieleza. Plasta ikiwa mbichi ina joto, na ikikauka ina baridi ya kaburi. Utanuka, na watu wanaokupenda watajifanya hawasikii harufu. Na utamchukia mtu mmoja asiye na kosa lolote, na mara nyingi mtu huyo atakuwa mama yako.

Nilianza kuumwa msimu wa kupalilia, nikiwa na miaka kumi na tisa. Tulikuwa tunakaa ng'ambo ya barabara ya Iguguno, nyumba yetu peke yake katikati ya mashamba ya uwele, kama watu wote walivyokaa kabla ya mambo ya vijiji vya ujamaa. Goti la kulia likavimba. Mama akalikanda kwa maji ya moto na majani, bibi mmoja jirani akanichanja chale, nalo likaendelea na shughuli zake. Wakati wa mavuno nilikuwa natembelea fimbo. Baba akanipakia juu ya lori la magunia mpaka hospitali ya misheni, ambako alikuwepo Sista Gundula, mtawa wa Kijerumani aliyezoea huku mpaka alikuwa ananung'unika kwa Kinyiramba. Aliliangalia goti, akaniangalia usoni.

"Ana," akasema, "hii si ya wiki mbili."

Kweli haikuwa ya wiki mbili. Nilichomwa sindano kila asubuhi mpaka ikawa taabu kulala chali. Mvua zikaanza nikiwa kwenye plasta, zikaisha nikiwa kwenye plasta. Kila Jumamosi mama alitembea kutoka nyumbani na kikapu, ndani yake ugali wa mtama na mlenda, na kila Jumamosi akifika mimi nilikuwa nageukia ukutani. Sina sababu ya kukupa. Alikuwa na magoti mawili yanayokunjika, basi.

Plasta ilipopasuliwa, mguu ulikuwa umekonda kama mpini wa jembe, ngozi inabanduka, na goti limenyooka. Nikajaribu kulikunja mbele ya watu wote. Halikuenda popote. Sista akasema ugonjwa umetulia, tumshukuru Mungu, nitatembea.

Sikumshukuru, na nitakwambia kwa nini. Mzungu anaishi juu ya viti. Anapika amesimama, anakula amekaa, na hata chooni kwake kuna kiti. Kwetu mwanamke anaishi karibu na ardhi. Mafiga yako chini, jiwe la kusagia liko chini, mboga unachambulia chini, mkubwa wako unamsalimia umepiga goti, na choo ni shimo lenye magogo mawili ya kukanyagia. Kuwa na mguu usiokunja maana yake kila asubuhi kuna mtu anaingia na wewe chooni, anasimama mbele yako, anakushika mikono yote miwili ili usianguke, na wewe una miaka ishirini. Mama alinishika hivyo kwa majuma matano baada ya kutoka hospitali. Alikuwa anaangalia juu, kwenye nyasi za paa, ili nisione aibu. Nilimwambia Sista nikibaki hivi maisha yangu yote, heri wangeukata.

Sista alikuwa anajiandaa kwenda likizo kwao. Kwao ni kijiji kilichoko chini ya milima, Bavaria, ambako kuna maji ya moto yanayotoka ardhini, na watu wameyaogea tangu enzi za wafalme wao. Watawa wenzake ndio walioendesha nyumba ya wagonjwa pale. Akaandika barua, akajibiwa, parokia ya kwao ikakubali kunipokea. Baba alikubali kabla Sista hajamaliza kueleza. Mama aliuliza swali moja tu.

"Huko, akienda chooni, atashikwa na nani?"

"Huko vyoo vina viti, mama," Sista akamjibu.

Mama akafikiri kidogo. "Basi huko atapona kabla ya kupona," akasema, na akaenda kuchota maji.

Nilifika wakati majani ya miti yanageuka mekundu na kuanguka, nikidhani miti yote inakufa kwa ugonjwa. Kijiji chenyewe kilikuwa kizuri, siwezi kukinyima sifa yake. Nyumba za mbao zenye maua madirishani, kanisa lenye mnara uliofanana na kitunguu, na katikati yake jumba la maji lenye nguzo nene na picha za wafalme wenye masharubu. Humo ndani kulikuwa na mabomba ya shaba. Wagonjwa wanajaza maji kwenye bilauri, wanatembea polepole huku na huku wakinywa, na wazee watatu wanawapigia muziki. Nikapewa bilauri yangu.

"Sista, haya yanaoza," nikasema. "Yananuka yai bovu."

"Ndiyo dawa yenyewe hiyo."

"Basi nyumbani tumetupa dawa nyingi sana."

Akacheka mpaka wale wapiga muziki wakageuka. Wiki hiyohiyo ng'ombe waliteremshwa kutoka malisho ya juu mlimani, wamevikwa maua vichwani na kengele kubwa shingoni, na kijiji kizima kimetoka kuwapokea. Nilisimama na magongo yangu kando ya njia nikalia bila kujificha. Watu wanaompamba ng'ombe namna ile, nilijiambia, siwezi kuwa nimepotea sana kwao.

Nilikuwa nimepotea. Chumbani nilipangwa pamoja na mwanamke wa umri wa bibi yangu, mjane aliyefuga ng'ombe juu ya kijiji, nyonga yake imevunjika na kuungwa. Nilipoingia mara ya kwanza nilifanya kama nilivyolelewa. Nikainama kadiri mguu ulivyoniruhusu, nikasema, "Shikamoo." Yeye akanyoosha mkono, akajigusa kifuani, akasema, "Resi." Halafu akaninyooshea kidole, akarudia kwa bidii, "Shikamo." Alidhani nimemtajia jina langu.

Nilitaka kusahihisha, Sista akawa ameshatoka kuzungumza na watawa. Mpaka jioni ukumbi mzima wa chakula ulikuwa unajua jina la msichana kutoka Afrika. Kuanzia siku hiyo, vikongwe wenye mvi walikuwa wakinipungia mkono kutoka meza ya mbali na kuniamkia, "Shikamo! Shikamo!" Mimi nifanyeje? Nisingeweza kumwitikia marahaba mtu wa umri wa bibi yangu. Nilikuwa nanyamaza na kuangalia chini. Wao wakadhani nina huzuni au maringo, na kwa kweli vyote viwili vilikuwepo.

Sista akaondoka theluji ya kwanza ilipoanguka. Aliitwa arudi Singida mapema, hospitali haikuwa na mtu. Aliniachia maneno machache niliyoyaandika kwenye daftari, akanibariki, akapanda basi. Nilibaki nimesimama dirishani nikiangalia mahali basi lilipokatia kona, na theluji ikafunika alama za magurudumu nikiwa naangalia.

Sasa nikueleze kifungo kilivyo. Mimi ni mtu wa Singida. Kwetu unaiona mvua ya leo jioni tangu asubuhi, iko kule, inakuja, unaamua mwenyewe uanue nguo au usianue. Pale kulikuwa na mlima mbele na mlima nyuma, na jua likichomoza saa nne, saa tisa limeshachukuliwa. Kila kitu kilikuwa na kengele yake. Kengele ya kuamka, ya kunywa yale maji, ya kuingia kwenye birika la kuogea, ya kupakwa udongo mweusi wa moto gotini, ya kula. Mchana kulikuwa na kengele ya mapumziko, na hiyo niliichukia kuliko zote. Tunalazwa barazani, nje, kwenye vitanda vilivyopangwa mstari, tunaviringishwa mablanketi ya sufu mpaka mikono imebanwa, na hakuna ruhusa ya kuongea wala kuinuka kwa saa mbili. Pua tu ndiyo inabaki nje. Nilikuwa nahesabu misonobari ya mlimani, nikifika mia nachanganya, naanza tena.

Usidhani walinifanyia ubaya. Walikuwa watu wema waliofuata saa. Lakini mtu akifungwa na watu wema hana hata wa kumlaumu, na hasira ile inakurudia wewe mwenyewe. Nilianza kukataa chakula. Nikaacha kuandika kwenye daftari. Kitu kimoja nilichoendelea nacho ni kutembea nyumbani kichwani mwangu. Nikiwa nimebanwa barazani, natoka mlangoni kwetu, napita ghala la uwele, nashuka kwenye zizi, napita jiwe kubwa lenye umbo la mgongo wa ng'ombe, mpaka kisimani, halafu narudi. Nilikuwa naenda na kurudi hivyo mpaka kengele inalia.

Kila siku baada ya kuoga kulikuwa na mwanamume mwenye mikono minene ambaye kazi yake ilikuwa kulikunja goti langu kwa nguvu. Wewe uliyepitia unajua. Ni maumivu yanayotoka gotini yanafika menoni. Nilikuwa nachukua pindo la kanga nalitia mdomoni na kuangalia dari, maana nililelewa kutopiga kelele mbele ya wakubwa. Muuguzi alikuwa amesimama pembeni na karatasi yake. Yule bwana akimaliza, muuguzi anauliza kama niko salama, na mimi nilikuwa na jibu moja.

"Gut," nasema. Nzuri.

Anaandika, anaenda kwa mwingine.

Hapo ndipo lilipokuwa kosa langu, na sikulijua kuwa ni kosa. Kwetu ukiulizwa habari unajibu nzuri. Hata kama nyumba imeungua, unaanza na nzuri, kwa sababu hiyo ndiyo heshima ya aliyekuuliza. Yeye naye anajua. Anasubiri, na baada ya hapo ndipo unasema ila. Ila mtoto anaumwa, ila ng'ombe hawakurudi. Habari yenyewe iko baada ya ila. Mimi nilikuwa nasema gut, navuta pumzi ili niseme mengine, na Sista alikuwa amenifundisha hata neno lake, aber, lakini nikigeuka muuguzi ameshafika kitanda cha tatu. Kesho yake hivyohivyo. Majira yote ya baridi niliripotiwa kuwa nzuri.

Barua ya baba ilinifikia baada ya Krismasi. Nakumbuka nilivyoisoma, nikiruka mstari wa kwanza kama tunavyoruka sote. "Sisi hapa wote hatujambo, wazima wa afya. Ila tumehamia kijijini kando ya barabara, kwa mpango wa serikali, na nyumba ya zamani imeezuliwa. Ila ng'ombe wawili hawakuyazoea malisho mapya. Mama yako hajambo, ila mgongo unamsumbua kwa kubeba nguzo. Anauliza kama umeanza kukunja." Nikaikunja barua nikaiweka chini ya mto. Mchana ule barazani nilianza safari yangu ya kila siku, nikatoka mlangoni, na mlango haukuwepo tena. Nilijaribu kupita ghalani, ghala nalo wameling'oa. Nikabaki nimelala pale na misonobari.

Barua ya pili ilitoka kwa Sista, na kwaresima ilikuwa imeanza. Aliandika kwa Kiswahili chake kilichonyooka. Daktari wa pale amemwandikia, alisema, kwamba goti langu halina maumivu tena na halikunji. Kwa hiyo mifupa inashikana yenyewe, na goti limekufa. Badala ya kuliacha lishikane vibaya, watalifunga kwa chuma likiwa limenyooka, baada ya Pasaka, kwenye hospitali ya mjini. "Usiogope, Ana. Utatembea bila fimbo. Mapenzi ya Mungu yatimizwe."

Nilisoma mara tatu. Goti lisilo na maumivu. Goti la nani? Lile lililonifanya nitoboe kanga mbili kwa meno? Nikajiona nimezeeka na mguu umenyooka mbele yangu, na mama amekufa, na sijui ni nani anayenishika chooni. Labda mke wa kaka yangu, anayeangalia saa. Nikataka kukimbilia kwa daktari, na nikimfikia nitasema nini? Nilikuwa na maneno kama ishirini, nusu yake ni vyakula.

Kengele ya mapumziko ikalia. Wakatuviringisha. Resi alikuwa kitanda cha pembeni yangu, na machozi yangu yalikuwa yanateremka na kuingia masikioni, sina mkono wa kuyafuta. Nilimsikia anajifungua mablanketi yake, jambo ambalo lilikuwa marufuku. Akaja na gongo lake, akaketi kwenye ukingo wa kitanda changu mpaka kikalia, akanifuta uso kwa leso yake iliyonuka tumbaku.

"Gut?" akauliza.

"Gut," nikasema. Mdomo umezoea.

Hakuondoka. Sijui kama alielewa kitu au alikuwa tu mchovu wa kusimama. Alikuwa mtu wa ng'ombe, na mtu wa ng'ombe anajua kukaa na mnyama asiyesema mpaka ajue panapouma. Alikaa tu. Theluji ilikuwa inadondoka kutoka kwenye paa vipande vipande. Mtawa mmoja alichungulia mlangoni, Resi akampungia mkono wa kumfukuza.

"Aber," nikasema.

"Aber?" akaniuliza.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu Sista aondoke mtu kuniuliza ila yangu. Nikamwaga yote. Nilianza na Kijerumani kikaisha palepale, nikaingia Kiswahili, nikamalizia na Kinyiramba, nikalia na kulaani katika lugha zote tatu. Nikachomoa mkono, nikamwonyesha goti. Nikamwonyesha pindo la kanga lilivyotobolewa. Nikatia kanga mdomoni, nikauma, nikaangalia juu, nikafanya uso mkavu kama ninavyoufanya kila siku, halafu nikasema, "Gut." Nikaitoa kanga, nikaukunja uso wangu wote, nikamwonyesha ule uso wa kweli.

Resi aliishika ile kanga, akapitisha kidole kwenye tundu moja, halafu kwenye jingine. Akasema neno moja la Kibavaria ambalo baadaye nililirudia mbele ya watawa nikakatazwa kulitamka tena.

Asubuhi daktari alipita na kundi lake. Alikuwa mzee mrefu mwenye mikono ya baridi, mpole, mwenye haraka. Muuguzi akamsomea karatasi yangu. Akanitazama kwa upole, akauliza kama kawaida, na mimi, naona aibu kukwambia, nikafungua mdomo na kusema, "Gut." Ukifundishwa adabu vizuri haikutoki kwa siku moja.

"Aber!" Resi akasema kutoka kitandani kwake, kwa sauti ya kuitia ng'ombe mlimani.

Kundi zima likageuka. Akaja akichechemea, akawapa ile kanga, akaongea kwa muda mrefu, akiwanyooshea kidole mmoja mmoja, na sikuelewa isipokuwa jina langu lisilo langu, Shikamo, Shikamo, likirudiwa ndani yake. Muuguzi akawa mwekundu. Daktari akaitazama kanga kwenye mwanga wa dirisha. Kisha akaketi kitandani kwangu, kitu ambacho hakuwahi kufanya, akaweka mkono mmoja chini ya goti na mwingine kwenye kifundo, akaanza kulikunja polepole.

Nikatafuta pindo la kanga, kanga anayo muuguzi. Nikaangalia dari. Nikawafikiria wakubwa wote walionilea, nikawaomba radhi.

"Schlecht," nikasema. Mbaya. Halafu nikapiga kelele neno hilohilo, mara nyingi, kwa sauti ambayo sikujua ninayo.

Daktari akaacha. Akatabasamu, na ningekuwa na gongo langu karibu ningempiga. Akasema polepole ili nielewe, akinionyesha goti, kwamba schlecht ni gut. Mbaya ni nzuri. Goti lililokufa haliumi. Mle ndani bado kulikuwa na kitu hai kinachogombana naye.

Akafuta safari ya hospitali ya mjini kwa kalamu mbele ya macho yangu, akaninyooshea vidole sita. Majuma sita. Likikunja, vizuri. Lisipokunja, tutafunga.

Sitakusimulia majuma sita hayo siku kwa siku. Nilikuwa naingia kwenye yale maji mara mbili badala ya moja, yana joto na harufu ile, na ndani yake mguu ulikuwa mwepesi kwa muda kiasi cha kujidanganya. Nje theluji ikawa inayeyuka, kila mtaro unapiga kelele, na majani yakarudi kwenye ile miti niliyoizika kichwani. Yule bwana wa mikono minene alikuwa ananiuliza sasa kila anapokunja, na mimi namjibu kwa uwazi ambao ungemfanya mama azibe masikio. Muuguzi alisubiri. Alikuwa anauliza, anashusha karatasi, anasubiri. Alikuwa msichana wa umri wangu, nilikuja kugundua, naye alikuwa anamwogopa daktari. Kuna siku goti halikusogea hata kidogo na nililala nikiwa nimekata tamaa kabisa. Kuna siku lilisogea kwa upana wa ukucha, Resi akaninunulia keki.

Siku ya mwisho daktari alipima kwa chuma chake chenye alama. Goti lilikuwa limekunja kufikia pembe ya kiti, na kidogo zaidi. Watu wakapiga makofi. Nikajaribu kumwuliza kama hicho kidogo zaidi kinatosha, nikamwonyesha kwa mikono shimo na magogo mawili. Alitazama mikono yangu kwa makini sana. Hakuelewa. Mle ndani hapakuwa na shimo la kujaribia, kila mahali viti tu.

Nilisafiri na swali hilo. Kwenye choo cha treni ya kutoka Dar es Salaam nilisimama nikishikilia bomba, mambo ambayo hayafai kuandikwa. Niliposhuka nikapanda basi, halafu lori. Ilikuwa kipupwe, uwele umeshavunwa, upepo unapeperusha vumbi, na anga lote lilikuwa limefunguka mpaka nikaona kizunguzungu kwa kukosa milima. Baba alikuwa barabarani. Nilitaka kumpigia goti, la kushoto likatangulia, la kulia likafuata nusu likagoma. Akaninyanyua haraka, akageukia upande wa pili kushughulika na sanduku langu dogo kana kwamba ni zito.

Kijiji kilikuwa nyumba mpya zilizopangwa mistari, udongo wake haujakauka vizuri. Sikujua yetu ni ipi mpaka nilipomwona mama amesimama mlangoni, amejishika mgongo. Alikuwa amezeeka. Alinipa maji, aliniangalia nikikaa kwenye kigoda, aliliangalia goti, hakuuliza. Nilijua anaogopa kuuliza, na mimi naogopa kujibu, na nilijisikia vibaya kwa Jumamosi zote zile za kugeukia ukutani. Nikamwambia hivyo. Akasema, "Mlenda wangu ulikula lakini," tukacheka kidogo.

Asubuhi haja ikanibana. Vyoo vya kijiji vilikuwa bado vinachimbwa, kwa hiyo nyumba nne tulitumia kimoja, cha matete, na wanawake wawili wa jirani walikuwa wameshakaa foleni na makopo yao ya maji. Wakanipisha kwa sababu ya mguu. Mama akaja nyuma yangu akikunja mikono ya gauni lake, kama alivyozoea.

"Bakia hapo, mama," nikamwambia.

"Utaanguka."

"Bakia hapo."

Nikaingia, nikarudishia mlango wa matete. Magogo mawili, shimo, nzi. Nikakanyaga. Nikashika mti wa ukutani, nikaanza kushuka, goti likashuka pamoja nami mpaka pale kwenye pembe ya kiti, likakaza. Nikasema schlecht kimoyomoyo. Nikasogeza kisigino, nikauelekeza uzito mguu wa kushoto, nikashuka tena, likauma mpaka kwenye meno, halafu likanipa kile kidogo zaidi. Nikawa nimechuchumaa. Kisigino cha kulia hakikugusa gogo, na mpaka leo hakigusi, lakini nilikuwa nimechuchumaa. Nikaachia mti. Nilifurahi kuliko nilivyowahi kufurahi mahali popote, nikaanza kulia humohumo, na sikuwa na haraka ya kutoka.

"Ana," mama akaita. "Nije?"

"Usije."

"Umeweza?"

"Nimeweza."

Nikamsikia mmoja wa wale wanawake akigonga kopo lake na kuuliza kama mtu amelala humo.

"Mwacheni kidogo," mama akawaambia, na sauti yake haikuwa sawasawa. "Yuko mwenyewe humo."